Jiwe la Maharage

Karatasi ile ilikuwa na picha ya sahani. Nusu ya sahani majani, robo maharage au samaki, robo ugali, posho ya mahindi au bundu ya muhogo, na pembeni kikombe cha maji. Nyama haikuwepo. Daktari wa kliniki moja ya Kasese alimkabidhi kaka yangu, kaka akanikabidhi mimi, nami nikaibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa jikoni kwa baba, Bwera, juu ya mafiga. Ilikaa pale mpaka moshi ukaifanya nyeusi.

Hayo yalianza asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Baba alishika kikombe cha kahawa, kikamponyoka, mdomo ukaenda upande. Kwa siku mbili alizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Halafu mdomo ukanyooka, karibu wote, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito. Daktari alisema ni presha. Hiki kilikuwa kiharusi kidogo, akasema, na kikubwa kiko nyuma yake kama presha haitashuka. Mzee aache nyama, aache mafuta, aache chumvi. Ale nafaka kwa kiasi na majani kwa wingi. Akishika hayo ataishi, asiposhika tusije tukamlaumu mtu.

Kaka alikuwa na kazi Kasese, na mke, na nyumba ya kupanga. Mimi nilikuwa na kibanda cha nguo za mitumba na mume aliyekwisha kwenda zake. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Mgonjwa haulizwi uji, na binti asiye na mume haulizwi safari. Nilifunga kibanda, nikapanda gari la Bwera na mabegi mawili, nikawa mpishi wa baba yangu.

Niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Nikishika jambo nimelishika. Marehemu mama alikuwa akisema nimezaliwa na kichwa cha punda, na alikuwa hanisingizii. Daktari alisema baba akishika hayo ataishi, basi mimi nilikusudia baba aishi, apende asipende.

Na hakupenda. Ujana wake aliumaliza kwenye mgodi wa shaba juu kule Bulembia, na mgodini ndiko alikojifunza vitu viwili, nyama ya Jumamosi na Kiswahili. Jumamosi isiyo na nyama kwake haikuwa Jumamosi. Alikwenda kuinunua mwenyewe, akarudi nayo imefungwa kwenye jani la mgomba, ameining'iniza kwenye kidole kwa uzi wa mgomba, akipita polepole ili majirani waione. Kiswahili chake kilikuwa cha manyapara na askari, kifupi, hakina kona. Nyumbani tuliongea Lhukonzo. Lakini baba akitaka jambo liishe, alilisema kwa Kiswahili, na sisi watoto tulijua hapo maneno yamekwisha.

Siku ya kwanza niliyomwekea sahani ya daktari aliitazama muda mrefu. Dodo, mchicha wa kwetu, nusu nzima, maharage, na kibonge kidogo cha bundu ya muhogo niliyoichanganya na ulezi. "Majani ni ya mbuzi," akasema. "Mbuzi ndiyo ya mtu." Nilicheka, nikamwongezea dodo.

Kopo la chumvi nilimpa jirani, pamoja na kijiko chake, nisije nikashawishika. Ijumaa nilinunua samaki mbichi wa Hamukungu, nikamchemsha na nyanya na kitunguu basi. Samaki wa kukaushwa kwa chumvi alikuwa marufuku mlangoni. Kabichi nilizipata kwa wanawake wanaoteremka nazo kutoka Mahango, kikapu mgongoni na kamba kwenye paji la uso, nami nilichagua zile za majani ya kijani cheusi kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Posho nyeupe niliipunguza. Mafuta ya mawese, ambayo bila hayo watu wa kwetu wanaona sombe la majani ya muhogo ni dawa ya minyoo, niliyapima kwa kifuniko cha chupa.

Na maharage. Karatasi ilisema maharage yanashika nafasi ya nyama, kwa hiyo maharage yalikuwa kila siku. Niliyanunua Mpondwe, siku za soko, kwa mama mmoja Mkongo wa upande wa Butembo aliyekimbia vita vya kwao zamani na hakurudi tena. Alikuwa na rozari ndani ya mkoba wa pesa na ulimi mwepesi. Maharage yake yalikuwa mazuri, ya njano, lakini makavu kama kokoto. Ukiyapika hivi hivi yanamaliza kuni zote na bado yanagonga meno.

Ndiyo maana kwetu kila jiko lina jiwe. Ni magadi ya Katwe, yanavunjwa kutoka ziwani, kijivu, yana michirizi kama kigae cha chungu kilichovunjika. Unachukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, unakiloweka, unangoja matope yashuke, unamimina yale maji juu ya maharage. Yanalainika upesi. Sombe nalo linalainika, tena linabaki kijani. Mama alipika hivyo na mama yake alipika hivyo. Jiwe halikai pamoja na chumvi, linakaa kwenye mafiga pamoja na kiberiti. Nimelitumia tangu nilipofikia urefu wa kuona ndani ya chungu.

Zamani, baba alipokuwa anakula nyama, maharage tulipika labda mara tatu kwa wiki, na jiwe moja lilikwenda mwezi mzima. Sasa ilikuwa maharage mchana na sombe jioni, nikawa namaliza jiwe kwa wiki. Sikuliwazia hilo. Mtu hahesabu kiberiti.

Baba alilalamikia kila kitu kisicho na chumvi. Samaki alisema ni kama kutafuna sabuni. Kabichi alisema imepikwa na mtu mwenye hasira, na hapo hakukosea. Lakini maharage hakuyalalamikia hata siku moja. Alisema mimi ni fundi, hata bila chumvi maharage yangu yana ladha. Mimi nani nisifurahi? Siku nyingine, nikiona amechoka kula, niliongeza kipande cha jiwe ili apate hamu. Aliongeza sahani ya pili.

Kila mwisho wa mwezi kaka alikuja na mashine ndogo ya kupimia presha ndani ya mfuko. Alimfunga baba mkanda mkononi, mashine ikanguruma, tukasubiri namba. Mwezi wa kwanza ilikuwa juu. Mwezi wa pili ilikuwa juu zaidi. Mwezi wa tatu kaka aliitazama ile namba, akanitazama mimi, akaniita nje karibu na mgomba, akaniuliza kama nina hakika mzee hali nyama. Nikasema nyumbani hapa hali. Akaniuliza, na nje je?

Hilo ndilo lililoniharibia usingizi. Kwa sababu nje nilikuwa simwoni. Siku za soko baba alichukua fimbo yake na kwenda Mpondwe kukaa na wazee wenzake, watu wa mgodini waliobaki, na alirudi jioni koti lake likinuka moshi wa nyama. Nilimuuliza. Akasema wenzake wanakula, yeye anakaa. Nilimwambia, kwa adabu bado, kwamba mtu hakai kwenye mvua akarudi mkavu.

Na kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, ingawa halinipendezi. Nilipokwenda Kasese kila baada ya wiki chache kuangalia kibanda changu, nilikula mchomo wa mbuzi. Nilinunua vijiti viwili, pamoja na gonja, ile ndizi kubwa ya kuchoma, nikakaa kwenye benchi, nikala na mafuta yakanichuruzika vidoleni. Halafu nilinawa kwa sabuni nikarudi Bwera kumchemshia baba kabichi. Vidole viliendelea kunuka mpaka kesho yake, maana mafuta ya mbuzi hayatoki kwa kunawa mara moja. Kwa hiyo nilijua vizuri jinsi mtu anavyoficha. Nilimpima baba kwa kipimo changu mwenyewe.

Siku moja ya soko nilimfuata. Nilimwacha atangulie, nikajifunga kitambaa, nikapita nyuma ya wauza viazi. Wazee walikuwa wamekaa mahali pao, kwenye magogo mbele ya mchoma nyama, na yule mama wa maharage alikuwa na meza yake ng'ambo ya njia, mkabala nao. Mbuzi alikuwa motoni. Baba alikuwa katikati yao, mgongo kwangu, anatafuna kitu.

Sikumsalimia mtu. Nilikwenda moja kwa moja mbele yake, nikamshika mkono wa kulia, ule mzima, nikauinua mpaka puani kwangu, nikanusa vidole vyake. Mbele ya wenzake wote, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ananusa mkono wa baba yake kama anavyonuswa mtoto aliyeiba sukari. Wazee waliangalia chini. Mchoma nyama alijifanya anapuliza makaa.

Baba hakuuvuta mkono wake. Alisema, kwa Kiswahili:

"Mimi hapana kula."

Yule mama wa maharage alivuka njia, akasema nimuache mzee wa watu. "Mama, muzee anakulaka ndizi tu," akaniambia. "Nyama, anaiangaliaka na macho." Nilimwambia arudi kwenye maharage yake. Nilimwambia najua jinsi watu wa soko wanavyofichiana. Nikampeleka baba nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma na fimbo yake, na njiani nilisema maneno mengi ambayo sitayarudia hapa. Nilimwita mwongo. Nilimwambia anajiua na anataka tumzike kwa uongo wake. Yeye alikwisha kusema lake kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuongeza.

Baada ya siku ile baba hakwenda tena soko. Fimbo ilikaa nyuma ya mlango. Alikaa uani kwenye kiti cha kamba kutoka asubuhi, akitazama njia, na saa ya kula ilipofika alikula nilichoweka. Nilijiambia sasa ameshika adabu, presha itashuka. Kaka alikuja na mashine. Haikushuka. Kaka akasema huenda nyama ya zamani bado imo mwilini. Hata mimi nilikubali, ingawa ukifikiri vizuri ni maneno ya kipuuzi.

Krismasi ile kaka alileta familia yake yote na jogoo. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata mgeni mkubwa vipi, firigisi haimpiti mwenye nyumba. Mwanamke akimpa mtu mwingine, amesema mbele ya watu kwamba mwenye nyumba hayupo. Niliipika pamoja na nyama nyingine, nikaiweka peke yake kwenye kisahani, nikaingia nacho sebuleni, na watu wote wakanyamaza kidogo kama kawaida wanavyonyamaza firigisi inapoingia.

Nilikiweka mbele ya kaka yangu.

Kaka alinitazama, akamtazama baba. Mke wake alianza kumfunga mtoto wao kitambaa kifuani ingawa kilikuwa kimeshafungwa. Firigisi moja ni kitu gani? Ni ya ukubwa wa kiazi kidogo, haina hata mafuta. Lakini mimi nilikuwa na karatasi ukutani. Baba aliivuta sahani yake ya maharage karibu, akala. Akaomba maharage mengine. Nikampa, na mchuzi wake.

Kiharusi cha pili kilikuja kabla shule hazijafunguliwa, asubuhi tena, uani, kwenye kile kiti. Hakikuwa na maneno mengi. Nilitoka na kikombe cha uji wa ulezi nikamkuta ameegemea upande mmoja, jicho moja wazi. Alikaa hospitali siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne tulimrudisha Bwera ndani ya sanduku.

Kwenye msiba watu walisema nyama imemmaliza. Walisema kwa upole, kama watu wanavyosema msibani, kwamba wazee hawa wa mgodini huwezi kuwatenganisha na nyama. Kaka alisema mzee hakujizuia. Mimi nilisema tulijaribu, lakini huwezi kumlinda mtu na mdomo wake. Nilisema hivyo kwa kila aliyekuja kutoa pole. Nilipikia waombolezaji maharage kwenye sufuria kubwa, na jiwe zima ndani, na watu waliyasifu. Sikulia. Sikuona uchungu, nilikuwa tu kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilingoja ganzi iishe na haikuisha, nikaizoea.

Sikurudi Kasese. Kibanda nilikwisha kumwachia mwingine, na nyumba ya baba ilitaka mtu. Niliendelea kupika nilivyozoea kupika, sahani ya daktari, maana nilikuwa sijui tena kupika vingine. Nyama niliiacha kabisa. Watu walinisifu kwamba nimekuwa na hekima.

Ilipita miaka miwili hivi, kichwa kikaanza kuniuma nyuma, karibu na shingo, kila nikiamka. Nilikwenda zahanati. Nesi alikuwa binti mdogo, si mtu wa kwetu, hakujua Lhukonzo, tukaongea Kiswahili. Alinifunga mkanda, akatazama namba, akanifunga tena mkono wa pili. Akaniuliza kama nakula nyama. Nikasema hapana. Mafuta? Kifuniko kimoja. Chumvi? Nyumbani kwangu hamna, nikasema, haijaingia tangu ugonjwa wa baba. Nilisema kwa majivuno kidogo. Alikuna sikio kwa kalamu, akafikiri.

"Maharage mnapika na magadi?"

"Kila siku."

"Hiyo pia ni chumvi, mama," akasema. "Mtu wa presha hagusi hiyo."

Nilimuuliza kama inaweza kumuua mtu. Akasema presha ina mizizi mingi, hawezi kusema kwa mtu ambaye hakumpima. Alikuwa mwangalifu, nami sikumlazimisha. Aliandika dawa, akaita jina la mwingine. Niliinuka, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje pamoja na wanawake wenye watoto wa kliniki. Nilidhani sasa nitalia. Nilikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikahama, na hakuna kilichokuja. Mwanamke mmoja aliniuliza kama nimepewa majibu mabaya, nikamwambia hapana, ni kichwa tu.

Nilirudi kwa miguu kupitia soko. Yule mama wa maharage alikuwa mahali pake. Akaniuliza nataka kilo ngapi. Nilisimama mbele yake, nikataka kumwambia kwamba siku ile alisema kweli, na sikuweza kupata pa kuanzia. Nikanunua kilo moja. Akanijazia na kiganja kimoja cha bure kama alivyozoea.

Nyumbani jiwe lilikuwa kwenye mafiga. Nililichukua nikalitupa chooni. Nilibandika maharage bila kitu, saa sita mchana, na kengele ya kanisa ya jioni ilipolia yalikuwa bado yanagonga meno. Niliyala hivyo hivyo. Kisha nikampigia kaka simu nikamweleza yote, jiwe na nesi, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Kwa hiyo mzee alikuwa anasema kweli," akasema.

Nikasema ndiyo. Akasema nisijilaumu, hatukujua, hata mama alipika hivyo, daktari mwenyewe hakutuuliza. Yote ni kweli. Kuhusu jiwe, sikujua.

Lakini kuna lile ambalo sikumwambia, na sijamwambia mtu. Mimi najua mkono uliokula nyama unavyonuka, wangu ulinuka hivyo mara nyingi. Siku ile sokoni, nilipouinua mkono wa baba mpaka puani, ulinuka moshi wa koti na gonja la kuchoma. Hapakuwa na mafuta. Niliijua harufu ile palepale, kabla hajafungua mdomo, wazee wote wakiwa wananitazama. Na nilimwita mwongo hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuushika mkono.